Basi la Hospitali Linakaribia

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwangu. Wifi yangu alikuwa amesimama kizingitini na begi la magurudumu ambalo gurudumu moja lilikuwa limeng'oka, akasema amekuja kukaa mpaka mama yake apate macho. Alisema "mama yangu" kwa sauti ya mwenye mali, kana kwamba mama mkwe hakuwa akilala chumba cha pili, kwenye shuka ninazozifua mimi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nijieleze kwa kifupi. Nilikuwa kondakta wa mabasi ya jiji. Siku moja shirika likatuondoa makondakta wote, likasema madereva watapokea nauli wenyewe. Wenzangu walikwenda makwao. Mimi nikapandishwa ngazi za chuma mpaka kwenye chumba cha vioo juu ya kituo kikuu, nikakabidhiwa kipaza sauti, kwa sababu msimamizi wa kituo alisema sauti yangu inatuliza watu. Nilijiona nimebahatika. Kumbe ndiyo kwanza mikosi ilikuwa inavaa viatu.

Mume wangu ni fundi katika karakana ya shirika hilohilo. Watu wote humwita Fundi, hata mimi, hata mama aliyemzaa.

Sasa niwaeleze kilichonikuta.

Kazi yangu ilikuwa imegeuka kuwa kutangaza mabasi yasiyokuwepo. Spea zilikuwa hazinunuliwi tena. Kila jioni Fundi alirudi, akanawa grisi kwenye beseni nyuma ya nyumba, akanisimulia ya siku hiyo: lipi limekatika mkanda, lipi limevuja mafuta, lipi mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli ili lifike tu mwisho wa njia. "Nafungua maiti mmoja nimtibu mgonjwa mmoja," aliniambia. "Lakini maiti wameanza kuwa wengi kuliko wagonjwa."

Kwa hiyo kila asubuhi nilipanda zile ngazi za chuma nikijua yote. Na nilikuwa nimekatazwa kuyasema.

Aliyenikataza ni msimamizi. Tulimwita Bwana Subira, maana abiria yeyote aliyekwenda kumlalamikia alirudi na neno hilo moja. Siku yangu ya kwanza pale juu alivuta kiti, akakaa karibu yangu kama baba anayemfunza mtoto kusoma.

"Dada, hapa neno 'limeharibika' halitamkwi. Tunasema 'linakaribia'."

"Na lisipokuja?"

"Linakaribia tena."

"Na likiwa limekufa kabisa, bosi?"

"Sikiliza. Mtu anayesubiri anakaa kwenye benchi. Ukimwambia ukweli anasimama. Akishasimama, anapanda ngazi kuja huku juu. Unamtaka huku juu?"

Sikumtaka. Nikasema linakaribia.

Nililisema sana hata likawa jina langu. Nilikwenda sokoni siku moja, nikashika nyanya, nikauliza bei. Yule mama muuzaji akaacha kupanga mafungu, akanitazama.

"Hebu sema tena."

"Nimeuliza, nyanya bei gani?"

"Ndiye yeye," akawaambia wenzake. "Jamani, njooni mmwone Linakaribia."

Nililipa haraka niondoke. Nikasimama kungoja chenji yangu. Yule mama akakunja mikono kifuani, akaniambia kwa upole kabisa, "Chenji yako inakaribia, dada."

Soko zima lilicheka. Nami nilicheka, nifanyeje. Lakini njiani kurudi nyanya zilikuwa nzito kuliko zilivyotakiwa kuwa.

Mtu mmoja tu katika jiji zima hakunicheka. Ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nyumba yetu haiko mbali na kituo, na upepo ukivuma upande wetu, sauti yangu humfikia barazani. Alikuwa akikaa pale mchana na kunisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Nikirudi jioni ananipa ripoti. "Leo ulikohoa kwenye basi la mjini. Kunywa maji ya moto." Au, "Leo ulitangaza vizuri, mwanangu. Mtu akipotea atakusikia atarudi." Kwa miaka yote niliyokaa naye hajawahi kuniambia neno la kunikata. Nisiwafiche, nilimpenda mwanawe kidogo zaidi kwa sababu yake.

Miadi yake ya upasuaji ilikuwa imesogezwa na kusogezwa mpaka tulikuwa tumeacha kuamini kwamba ipo. Mara daktari yuko safarini, mara vifaa vimekwisha. Hatimaye hospitali ikathibitisha. Wakasema na safari hii mgonjwa akichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikula pamoja, sisi wanne, na wifi ndiye aliyepakua.

"Mimi nasema tukodi teksi," wifi alisema. "Mabasi ya hawa watu siyaamini."

"Hawa watu" tulikuwa mimi na kaka yake.

"Teksi ya nini?" mama mkwe akajibu. "Mwanangu anatengeneza basi, mkwe wangu analiita. Nikipanda teksi watu watasema nini?"

Nikamgeukia Fundi. "La njia ya hospitali likoje?"

"Lile ni zima," alisema. "Nimelikagua mwenyewe leo. Breki, taa, kila kitu."

Alisema hivyo akiitazama sahani yake. Nilidhani ni uchovu.

Asubuhi Fundi aliondoka kwanza kwenda karakana. Mimi nilimvalisha mama mkwe kanga safi na viatu visivyo na kamba, nikamwekea chupa ya maji kwenye mfuko. Wifi akaukagua ule mfuko, akaitoa chupa niliyoiweka, akaweka nyingine iliyofanana nayo kabisa. Wakatoka kwenda kituoni kuwahi basi la kwanza. Zamu yangu ilianza baadaye, nikabaki kufua na kufunga milango.

Nilipofika kazini nilimuuliza Bwana Subira kabla sijaketi. "La hospitali limeshapita mara ya kwanza?"

"Limepita," alisema bila kuinua macho kwenye simu yake.

Nikashusha pumzi. Nikawaza, wameshafika, mama ameshavikwa lile gauni la kufungia mgongoni, na wifi anagombana na mtu wa mapokezi.

Nikaanza kazi. Kutoka kwenye kile chumba ninaona njia za mjini, za sokoni na za viwandani. Upande wa njia ya hospitali siuoni. Kioo cha upande ule kimezibwa na bango kubwa la sabuni, mwanamke anacheka na povu mkononi. Nilishaomba liondolewe. Niliambiwa lina mkataba, mimi sina.

Muda ulikwenda. Bwana Subira akachungulia mlangoni. "Watu wa hospitali wameanza kunung'unika. Watulize."

"Basi limechelewa wapi?"

"Linarudi. Watulize."

Nikabonyeza kitufe. "Abiria wa njia ya hospitali, basi lenu linakaribia. Tafadhali msiondoke kwenye mstari."

Jua likapanda. Akachungulia tena. Nikatangaza tena, na safari hii niliilainisha sauti, nikaongeza na "ahsanteni kwa uvumilivu wenu." Akachungulia mara nyingine. Nikatangaza. Nilimpigia wifi simu, ikaita mpaka ikakatika. Nilimpigia Fundi, haikupatikana.

Nilisema naenda msalani. Nikashuka zile ngazi, badala ya kukata kulia nikakata kushoto, nikazunguka lile bango.

Watu walikuwa wamejaa kama mchanga. Mwanamke mwenye mguu wa plasta alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. Mzee mmoja alikuwa amelaza kichwa mapajani kwa binti yake. Watoto walikuwa wamechoka hata kulia. Na kwenye benchi ya mbele kabisa, mfuko mapajani, kanga imemkaa sawasawa, alikuwa mama mkwe wangu.

Nikaanza kumwendea.

Wifi aliniona kwanza. Alikuja mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Umekuja kututangazia hapahapa?"

"Wifi, niliambiwa basi la kwanza limepita."

"Halikupita basi lolote. Tuko hapa tangu kunakucha." Alikuwa anazungumza taratibu, na mimi nilizoea kumsikia akipayuka. Upole ule ulinitisha. "Jirani yenu yule muuza mayai alipita hapa na pikapu yake. Akasimama mwenyewe, akasema mama panda mbele nikufikishe. Nimemshika mama mkono, mguu mmoja umeshaingia garini. Unajua kilichotokea?"

Nilijua. Lakini alinimalizia.

"Ukasikika wewe. Basi lenu linakaribia, msiondoke kwenye mstari. Mama akatoa mguu nje. Akasema, mkwe wangu amesema linakaribia, sasa nikapande na mayai ya nini? Nilimvuta, akaninyang'anya mkono. Muuza mayai akaondoka."

Mama mkwe alikuwa amesikia sauti yangu. Akainua uso na kuupeleka upande usio wangu.

"Mwanangu umeshuka? Basi liko kona gani sasa?"

Nilikwenda kwa mlinzi wa geti, mzee wa watu, mpole, ambaye hufungua na kufunga tangu enzi mabasi yakiwa na mapazia.

"Mzee, la hospitali lilitoka saa ngapi?"

"Alfajiri. Na maua yake."

"Maua gani?"

"Ya harusi, binti. Limefungwa utepe mbele na mapulizo kwenye vioo. Limekodishwa kubeba ukoo wa bwana harusi. Litarudi usiku, au kesho."

"Nani alilitoa?"

Mzee akaanza kuifuta kufuli ya geti kwa shati lake. "Mimi nafungua geti tu."

Nikapanda ngazi. Bwana Subira alikuwa ofisini kwake anakunywa chai. Nilipita kimya, nikaingia kwenye chumba changu, nikafunga mlango kwa komeo. Nilikaa. Nikavuta kipaza sauti.

Nikabonyeza kitufe.

"Abiria wa njia ya hospitali," nilisema. "Basi lenu haliji. Nimewaambia tangu asubuhi kwamba linakaribia na haikuwa kweli. Basi lenu ni zima. Limekodishwa, limepeleka watu harusini. Aliyejaaliwa njia nyingine aende sasa hivi, asinisubiri mimi. Na aliyelitoa basi hilo, popote alipo, ajue amewaibia wagonjwa."

Kituo kizima kilinyamaza. Hata wauza karanga walinyamaza. Kisha nikasikia sauti ambayo Bwana Subira alikuwa ameiogopa miaka yote, benchi zikiburuzwa kwa watu kusimama.

Aligonga mlango wangu. "Dada, fungua. Dada, sema umekosea, sema ni kituo kingine." Sikufungua. Akagonga kwa kiganja, halafu kwa ngumi, halafu nikasikia viatu vyake vikikimbia kurudi ofisini, na ufunguo ukizungushwa kwa ndani.

Watu hawakuja juu. Hilo ndilo lililonishangaza. Walikwenda getini. Yule mwanamke wa plasta alibeba kreti lake, akaliweka katikati ya njia ya kutokea magari, akalikalia. Mzee na binti yake wakakaa kando yake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka geti likawa halionekani. Basi la viwandani lilipotaka kutoka, dereva alipiga honi mara moja, akaangalia, akazima injini, akashuka kukaa nao.

Nilifungua komeo nikashuka. Nilidhani watanipiga. Nilipenya katikati yao mpaka kwa mama mkwe, nikapiga magoti chini.

"Mama, nisamehe. Daktari atakuwa ameshampa mwingine nafasi yako."

Mama alikuwa akipapasa vidole vyake kama anayetafuta pete iliyopotea.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Alikuwa na sweta la buluu lililofungwa vifungo vyote.

"Ni upasuaji wa macho?" akauliza. "Wa leo?"

"Ndiyo, dada."

Akafungua vifungo. Chini ya sweta alikuwa na sare nyeupe. "Basi msihangaike. Vyombo vyote vya chumba cha upasuaji navitayarisha mimi, na mwenzangu anauguza mtoto. Daktari amekaa huko ananisubiri. Amenipigia simu mpaka chaji imekwisha, na kila akipiga namjibu vilevile." Akanitazama. "Kwamba linakaribia."

Wifi aliangua kicheko. Sijui kilitoka wapi, maana machozi yalikuwa yanamtiririka. Kisha akakaza kitambaa chake kichwani, akaenda chini ya dirisha la Bwana Subira, na pale ndipo nilipomwelewa wifi yangu kwa mara ya kwanza. Yale mapayuko aliyokuwa akiyamwaga nyumbani kwangu bure bure, siku hiyo aliyapatia kazi.

"Wewe uliyejifungia," alisema, na kituo kizima kikamsikia bila kipaza sauti. "Pale nyuma kuna basi la mapazia, la kupeleka wakubwa wenu makao makuu. Nimeliona. Ama linakuja hapa, ama tunalala hapa na wewe unalala humo. Na humo hamna choo, nimeshauliza."

Dirisha likafunguka kidogo. Mkono ukatokea, ukarusha funguo.

Lile basi lilikuwa na viti vyenye sponji. Lilikuwa na feni. Dereva wa viwandani aliliendesha mwenyewe. Walipakia wagonjwa kwanza, na mama mkwe alikalishwa kiti cha dirishani, muuguzi ubavuni. Mimi nilibaki chini. Wifi akachungulia dirishani, na lile pazia la wakubwa likamkaa begani kama mtandio.

"Ukimaliza kufukuzwa kazi uje," alisema. "Mama atakutafuta."

Nilipanda kwenda kufukuzwa.

Bwana Subira alikuwa ameketi, chai imepoa mbele yake. Hakupiga kelele. Alinionyesha kiti.

"Makao makuu wameshapata habari. Kesho asubuhi wanakuja watu wa uchunguzi. Wataniita mimi, watakuita wewe."

"Nitawaambia ulivyonifundisha kusema."

"Waambie. Mimi ni mtu wa matangazo tu, karakana si yangu. Basi halitoki karakana bila mtu wa karakana kulitoa." Akajifuta jasho la shingo, kisha akatabasamu kama anayenionea huruma. "Watakuuliza ni nani alilitoa. Umesema mbele ya watu wote kwamba ni mwizi wa wagonjwa. Ukalale ulifikirie jibu lako, dada. Kwa kweli nakuonea huruma."

Sikumwelewa. Nilidhani ni vitisho vya mtu aliyebanwa.

Aliniweka niandike maelezo mpaka alasiri, ndipo nikatoka kutafuta namna ya kufika hospitali. Nje ya geti, nani ananipigia honi? Muuza mayai, pikapu yake tupu, trei zimefungwa kwa kamba nyuma.

"Panda, jirani. Nimesikia mambo yako mpaka huko nilikokuwa nauza."

Nikapanda. Nilimshukuru kwa kumsimamishia mama gari asubuhi. Nikamwambia Mungu ampe, maana si watu wengi wangesimama wenyewe bila kuombwa.

Alibadili gia. Akaona haya, na mtu mkweli akiona haya hawezi kunyamaza.

"Sitaki sifa zisizo zangu, jirani. Niliombwa. Mumeo alikuja kwangu jana jioni, akaniambia asubuhi nipite kituoni nimchukue mama. Akasema nijifanye nimepita kwa bahati tu. Nisimtaje yeye."

"Jana jioni?"

"Kabla hamjala. Nilikuwa nafunga banda."

Dirisha la pikapu lilikuwa halipandi, upepo ulikuwa unanipiga usoni, na mimi nilikuwa nawaza ile sahani. Breki, taa, kila kitu. Basi zima kabisa.

Nilimkuta Fundi kwenye korido ya wodi ya macho, ameegemea ukuta, ovaroli mwilini, kofia mkononi. Aliponiona alinyooka.

"Mama ametoka salama," alisema haraka. "Jicho moja wamemaliza. Jingine baadaye. Ameshaamka, anauliza—"

"Ulilitoa wewe."

Hakuniuliza kitu gani. Alipita muuguzi na kitoroli, tukampisha, kila mmoja upande wake wa ukuta.

"Bwana Subira alisema ni siku moja," Fundi alianza. "Malipo ya harusi yanunue spea. Mabasi mawili yangerudi barabarani wiki hii, mke wangu. Mawili. Nimeyatazama yale mabasi yakioza tangu mwaka jana. Nafika asubuhi, nakaa na spana mkononi, sina cha kufunga. Unajua ilivyo kukaa na spana mkononi?"

"Ukaniambia nimpeleke mama kwenye basi ambalo umeshalitoa."

"Ningekwambia halitakuwepo, ungeniuliza liko wapi. Nilimpangia usafiri mama yangu. Nilimpangia." Sauti yake ikavunjika. "Angepanda ile pikapu angefika mapema kuliko wote. Nani alimzuia asipande?"

Tulitazamana.

Nilitaka kumwambia ni wewe. Naye alitaka kuniambia ni wewe. Tulikuwa tumekaa nyumba moja, tumekula sahani mbili zinazogusana, kila mmoja amemdanganya mama kwa nia yake nzuri, na ule uongo wa mmoja umeukuta wa mwenzake pale kwenye benchi.

"Wale wengine je?" nilimuuliza. "Yule wa plasta ulimpangia pikapu gani?"

Akaitazama kofia yake. Nilifurahi kwamba hakujaribu kutunga lolote.

"Kesho wanakuja makao makuu," nikamwambia. "Watanihoji."

"Najua. Bwana Subira amenipigia. Amesema wewe ukikaa kimya, atasema basi lilitolewa getini kwa makosa, na kila mtu atabaki na kazi yake. Hata wewe."

"Na nikisema?"

"Ukisema, mimi nimekwisha. Si kazi tu. Watataka mtu wa kumpeleka mahakamani, na huyo hatakuwa Bwana Subira."

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Wifi alitoa kichwa. Alimtazama mmoja wetu, akamtazama wa pili, akatazama nafasi iliyokuwa kati yetu.

"Mama anawaita. Wote wawili."

Mama mkwe alikuwa amelala chali, bendeji imefunika jicho la kulia. Alionekana mdogo kwenye kile kitanda. Nilimshika mkono, akautambua kabla sijasema.

"Mwanangu. Wamekufukuza?"

"Bado, mama."

"Mimi nilikasirika kidogo pale kwenye benchi, sitakuficha. Kisha nikasikia ulivyosema ukweli mbele ya watu wote, hasira ikaisha. Wagonjwa wote humu wanakusema wewe. Yule wa plasta kaja kunisalimia." Akavuta pumzi. "Wanasema kesho wakubwa wanakuja kukuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Basi nina neno. Fundi yupo?"

"Nipo, mama."

"Njoo huku."

Akaja. Mama akapapasa hewani kwa mkono wake mwingine mpaka ukampata, akatia kidole gumba kwenye kiganja cha mwanawe, palipo pagumu kwa spana. Akatushika wote wawili, pande mbili za kitanda, na nguvu zake zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia.

"Huyo aliyelitoa basi, mimi simjui," alisema. "Lakini kulikuwa na mtoto nyuma yangu anahema kwa shida. Mama yake alikuwa akimwambia, vumilia, linakuja. Kwenye lile basi sikumsikia, wala hapa hospitalini, na nimeuliza kila anayepita. Kwa hiyo huyo mtu nataka atajwe kwa jina lake, hata awe nani, hata awe na watoto. Mkwe wangu, wewe utamtaja. Na wewe Fundi, mke wako wakimtisha, utasimama naye. Niahidini."

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga tena. Nami nilikuwa na sauti ambayo jiji zima linaijua, na siku hiyo ilikuwa imeniacha.

Wifi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anakunja kanga ya mama. Aliacha kukunja. Alimtazama kaka yake usoni, kisha ile ovaroli, kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba ameshaelewa.

"Mbona kimya?" mama akauliza, akitugeuzia ile bendeji, mara kwangu, mara kwa mwanawe.

Wifi akaiweka kanga kitandani taratibu.

"Mjibuni basi," alisema. "Mama anasubiri."